Mtungi Wenye Kitambaa Chekundu

Siku ya tatu sasa, Thoa alikuwa akisubiri saladi za kitaluni zife.

Mitungi miwili ilikaa nyuma ya jiko, yote ikinuka samaki. Mmoja ulikuwa na mbolea yake, matumbo ya samaki yaliyovundikwa na molasi. Wa pili, wenye kitambaa chekundu shingoni, ulikuwa wa mama mkwe wake, Bibi Sen: sosi ya samaki iliyolala kwenye chumvi miaka mitatu. Alfajiri ya juzi ukungu wa milima ya Dalat ulikuwa umeziba hata pua. Thoa akachota, akamimina kwenye tangi la kumwagilia, na mipira ya maji ikapeleka kwenye kila mzizi wa kitalu nyumba. Kitambaa alikiona baadaye, mtungi ukiwa mtupu.

Chumvi yote ile! Saladi zikinyauka, nyumba nzima itajua. Na ulimi wa Bibi Sen ulishamrudisha kwao mkaza mwana mmoja.

Akaujaza ule mtungi mbolea, akafunga kitambaa, akanyamaza.

Leo ilikuwa kumbukumbu ya marehemu baba mkwe. Ndugu kumi na wanane mkekani, bakuli la sosi ya mtungi ule katikati, limekamuliwa ndimu na kutiwa pilipili.

Mzee Bao, mdogo wa marehemu, akachovya nyama. Akatafuna. Akafumba macho. Thoa akashika ukuta.

"Shemeji, mkono wako haubadiliki! Ladha ile ile, kila mwaka."

"Niwe kama hawa wa chupa za dukani?" alijibu Bibi Sen.

"Mbona wewe huchovyi?"

"Daktari kanikataza chumvi. Kula, acha kunihesabia matonge."

Khang, mume wa Thoa, akacheka. "Panya wetu nao wana mambo yao. Kila ikikaribia kumbukumbu, mbolea inapungua mtungini."

"Watu wanakula, wewe unataja mbolea!" Bibi Sen alifoka.

Thoa akatoka mbio hadi kitaluni. Saladi zilisimama wima, majani mapana kama viganja, kijani kibichi. Hata moja haikunyauka.

"Unalia nini?" Bibi Sen alikuwa nyuma yake.

Thoa akageuka. "Mama, nisamehe. Juzi nilizimwagia mtungi wako wote."

Bibi Sen akazitazama saladi, mstari hadi mstari. Akachungulia nje, akafunga mlango.

"Mwanangu, nakupigia magoti, usimwambie mtu. Mara ya mwisho kutia sosi kwenye mtungi ule ilikuwa mwaka wa harusi yenu."