Kitabu cha Kuvaliwa

Siku hizi kitabu hakitoki bila kupitia mashine ya serikali, na mashine hiyo hubadilisha maneno kwenye skrini msomaji akiwa bado anasoma. Sisi wachapishaji wadogo tuliamriwa tufunge. Mimi, Mwanakombo, nikaanza kuuza kanga. Sheria inaziita nguo.

Kila kanga ilibeba ukurasa mmoja wa ushuhuda wa wanawake wa mashamba ya chumvi, ambao maji ya kiwanda yaliwatafuna miguu. Siku ya harusi ya binti yangu tukazivaa zote.

Mkaguzi Shekue wa serikali akaja, akapekua makabati, akachungulia hadi uvunguni mwa kitanda cha bibi harusi.

"Kitabu kiko wapi, mama?"

"Hapa pana ngoma tu, mwanangu. Kaa utazame."

Wanawake wakajipanga safu ya ngoma ya lelemama, ukurasa baada ya ukurasa, wakampa mgongo. Akaanza kusoma bila kujijua. Wageni wakasoma naye kwa sauti, wakaifuata safu, na vigelegele vikatikisa mabati.

Aliyefunga safu alikuwa mama mzazi wa Shekue, miguu imefungwa bandeji.

"Soma, baba," akamwambia taratibu. "Huu niliusimulia mimi, na jina lako limo."