Mawele Kitandani

Mawele yote ya Jedidah yalikuwa yamemwagwa kitandani. Askari akayachoma kwa mkuki huku na huku, kama mtu anayetafuta viazi.

"Mbona mawele yamelala kitandani, mama?"

"Panya wametoboa gunia, afande. Ningeyaweka wapi?"

"Na bwana yako, Ndambiri?"

"Alienda Kiambere kutafuta mbuzi. Labda mbuzi ndio wamempata yeye."

Askari hakucheka. Ndambiri alikuwa akipelekea Mau Mau chakula msituni, na akishikwa ni kamba shingoni. Mzungu wa wilaya alikuwa na shida moja tu: hakujua sura yake. Ndivyo walivyo wakubwa. Watakutawala mpaka usingizi wako, na uso wako hawaujui.

Basi watu wote wa Majengo, pale Embu, wakatolewa nje, mwaka ule wa hamsini na nne. Mzungu akaamuru wapangwe kwa alama zao. Vilemba huku. Wakamba wenye meno ya kuchongwa kule. Kanzu na kofia, Wanubi na Wasomali, kando ya bucha. Waembu na Wameru, wenye masikio ya kutobolewa, katikati juani, maana kwa serikali hao ndio wabaya siku zote.

"Anaweza kuwa amevaa nguo za kabila lingine," mzungu akasema.

Akavuta ndevu za fundi Singasinga. Zilikuwa zake. Akafunua ushungi wa mwanamke mmoja mrefu kama mlingoti. Alikuwa Bi Zamzam, Mnubi, mwenye hasira zake.

"Haya, umeniona. Sasa lete mahari!"

Majengo ikacheka, makabila yote pamoja. Jedidah peke yake hakucheka. Alikuwa amesokota leso mkononi mpaka vidole vikauma.

"Lete mtu wa gunia!"

Kicheko kikakatika. Mtu wa gunia alikuwa msaliti aliyefunikwa gunia toka kichwani mpaka magotini, macho tu yakichungulia. Akiinamisha kichwa mbele yako, unapanda lori la kwenda kizuizini Manyani. Rwamba, homugadi wa serikali, binamu yake Jedidah, akamleta akimshika mkono.

"Ya juzi alikuwa mfupi," mzungu akasema.

"Wa juzi alitoroka, bwana. Huyu ni bora. Anajua kila mtu hapa."

Mtu wa gunia akapita mstari kwa mstari, akipiga chafya. Kuku wa Bi Zamzam wakamfuata nyuma, wakidonoa chini. Mkamba mshona viatu akafumba macho. Kichwa kikatikiswa: siye. Singasinga: siye. Akaingia kwa wenye masikio ya kutobolewa: siye, siye, siye.

Mbele ya Jedidah akasimama zaidi.

"Huyu mama najua Ndambiri iko wapi?" mzungu akauliza.

Kichwa kikatikiswa, polepole.

Mzungu akapiga teke ndoo iliyokuwa karibu, na lori likaondoka tupu. Rwamba akapewa pakiti ya sigara kwa kazi nzuri. Akamshika mtu wake mkono, wakashika njia ya mtoni.

Jedidah akawakimbilia mpaka kwenye migomba.

"Rwamba," akanong'ona, "mwambie huyo Ndambiri asilitupe gunia langu. Mawele bado yako kitandani, tutalala wapi?"