Mbuzi ya Nazi Bwenini

Katika wiki ya kwanza ya Mwanakombo chuoni ughaibuni, msimamizi wa bweni alimkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi. Wanafunzi wenzake wamejibana ukutani.

"Vyuma vyenye makali haviruhusiwi humu," msimamizi alisema, akafungua mfuko wake wa vitu vilivyokatazwa. "Kitie mfukoni."

"Hiki ni kiti cha bibi yangu."

"Nimesema kitie!"

"Nimeshakikalia, bwana. Ukikitaka, ninyanyue na mimi."

Akaendelea kukuna. Msimamizi alibaki ameinama, mfuko wazi. Nusu ya kwanza ilipokwisha, Mwanakombo alikitumbukiza kifuu kitupu ndani ya mfuko ule, kisha akanyoosha mkono kuelekea nusu ya pili iliyokuwa mezani. Mmoja wa wale wa ukutani akamletea.