Kiuno Chenye Masikio

Picha ya hospitali haikuonyesha kasoro yoyote, lakini Raya alikuwa hawezi kuinama hata kuvaa viatu. Alilala kifudifudi mkekani huku Bi Kazija, mkandaji wa mtaa, akimkanda kiuno kwa mafuta ya karafuu.

“Kimeanza kulegea. Kwa wifi yako unakwenda lini?”

“Leo, baada ya alasiri.”

Msuli ukakaza papo hapo.

“Eh, mwanangu! Kiuno chako kina masikio!”

Nje ya pazia mumewe alikuwa akingoja na sinia la halua. Raya alitakiwa kulipeleka na kumpigia wifi yake magoti mbele ya ukoo, kwa sababu alimwambia binti wa wifi huyo kwamba mchumba wake ana mke aliyemficha.

“Usipokwenda, rudi kwenu,” mumewe alisema.

“Kwani nilisema uongo?”

“Hukusema uongo. Omba radhi tu, yaishe.”

Raya akajizoazoa, akajifunga kanga, akafungua pazia. Viatu vyake vilikuwa sakafuni, kando ya sinia.

“Siombi radhi,” alisema, kisha akaanza kuviinamia viatu taratibu, akisikilizia kama kiuno kitamkamata.