Ombi la Kumi na Mbili

Korti ikisimamisha utekelezaji wa hukumu kusubiri rufaa, kila kilichomo katika nyumba yenye kesi husimama, hata miili yetu wakazi, na kuhama ni marufuku. Ndiyo maana mimba yangu ni ya miezi minane kwa mwaka wa saba sasa. Mtoto wa Bi Tabia, niliyeanza naye kliniki, yuko darasa la kwanza.

Mume wangu, Makame, alishindwa kesi ya nyumba hii na dada yake, akaomba zuio hilo mara kumi na moja, kikomo cha mtu mmoja. Leo la mwisho liliisha, nikafunga nepi na kanga, nikijua tunahama, nitazaa.

"Fungua mizigo," alisema. "Tumepewa tena."

"Kwa jina la nani?"

Akanionyesha karatasi. Mwombaji alikuwa mtoto aliye tumboni.

"Naye ana haki ya mara kumi na moja," alisema Makame, akinipapasa tumbo.