Majina Kumi na Mawili

"Joka bado limo pangoni?" aliuliza Ngisi Mkavu.

"Limo," alijibu Kitunguu. "Limekaa tu, linatazama kompyuta."

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, ghorofa ya saba ya kampuni ya vifungashio mjini Seoul. Kazi ilikwisha rasmi saa kumi na mbili kamili. Lakini katika ofisi ile hakuna mwenye akili timamu aliyesimama kabla ya bosi, Joka lenyewe, kusimama. Basi watu waliinamia kibodi zao na kuzigonga kwa bidii ya kutisha, na kilichokuwa kikiandikwa ni umbea mtupu.

Lawama zote ni za Baek Ki-jun, fundi wa kompyuta. Mwezi wa sita, intaneti ilipokatika siku tatu, aliweka programu ndogo ya kutumiana ujumbe katika kila kompyuta ya ghorofa ile. Haikutaka namba ya simu, haikutaka kujisajili. Ukiifungua tu, yenyewe ilipiga hodi kwenye mtandao wa ofisi, na kila mashine iliyokuwa macho iliitika. Hakuna aliyealikwa, hakuna aliyesahauliwa. Ulijichagulia jina la utani, ukatokea kwenye orodha pamoja na wenzako. Sheria ilikuwa moja: usiulize nani ni nani. Siku wakikamatwa, hata mwoga wao asiwe na mtu wa kumtaja.

Kitunguu alikuwa Pyo Myung-ok. Miezi miwili ya mwanzo alisoma tu. Siku moja akaandika mzaha kuhusu choo cha ghorofa ya saba, watu wakacheka mpaka wakaomba mwingine, na tangu hapo jioni zake zikabadilika. Nyumbani hakuna aliyemsubiri isipokuwa jokofu. Hapa, saa kama hizi, aliitwa mpumbavu, aliitwa “shoga yangu”, aliombwa hata ushauri wa mapenzi. Kusema kweli hakuwa na haraka.

"Nasikia Joka hata barua pepe linachapiwa na kuletewa kwenye karatasi," aliandika Soksi. "Likiambiwa bonyeza kipanya, linatafuta paka."

Myung-ok alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja.

Ndipo Mchele akaingia. "Jamani, mimi leo nimekwisha."

"Nini tena?"

"Wazazi wanakutana leo. Wangu na wa mchumba wangu. Saa moja na nusu, mjini Suwon. Nimeshaahirisha mara mbili, na mama mkwe amesema hakuna ya tatu, posa inavunjika. Eti msichana anayeshindwa kutoka ofisini ataingiaje kwenye ukoo?"

"Ana mdomo huyo mama!" aliandika Ngisi Mkavu.

"Ana hoja," aliandika Soksi.

"Wee Soksi, nuka kimyakimya."

"Si uondoke tu, dada?" aliandika Kitunguu. "Chukua koti, nenda zako."

"Niondoke, Joka limo? Umesahau ya Bwana Eom? Alitoka mapema siku moja tu, mtoto wake anatimiza mwaka. Joka halikusema kitu, likamtazama tu. Mwezi uliofuata cheo kikaenda kwa mwingine."

Myung-ok aliacha kucheka. Siku ile aliikumbuka vizuri. Aliikumbuka vingine kabisa.

"Nikipata teksi sasa hivi, treni naiwahi," Mchele aliendelea. "Lakini siwezi kuita teksi bila kujua Joka linatoka saa ngapi. Wiki iliyopita niliita, dereva akasubiri pale chini, akanitukana kwenye simu, akaondoka zake. Kitunguu, wewe si ndiye unayekaa karibu nalo? Linajiandaa?"

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika kumi na tisa.

Angeweza kunyamaza. Wangekaa wote hadi saa moja kama kawaida, wakitaniana, na ingekuwa jioni tamu. Mchele angelia kidogo, wangembembeleza. Myung-ok aliandika, akafuta. Akaandika tena. Alijua swali litakalofuata. Alijua pia kwamba akishalijibu, humu ndani hakuna atakayemwita mpumbavu tena.

"Mchele, ita teksi. Joka linatoka baada ya dakika tatu."

"Umejuaje?"

"Ita teksi, wewe!"

"Kitunguu, ukinidanganya leo, naapa nitakukatakata vipande."

"Utalia mwenyewe. Ita."

Kisha: "Nimeita! Dereva yuko kona ya pili. Dakika tatu. Mungu wangu, naolewa!"

"Hongera, bibi harusi," aliandika Ngisi Mkavu. "Lakini kweli, Kitunguu, umejuaje?"

"Eeh, umejuaje?" aliandika Soksi. "Au umeliroga?"

"Kitunguu?"

"Kitunguu, upo?"

Myung-ok aliyatazama majina kumi na mawili kwenye skrini, moja baada ya jingine, kama mtu anayeaga. Akavaa koti. Akachukua mkoba. Akafungua mlango.

Upande wa pili, watu kumi waliruka kutoka vitini na kuinama kwa pamoja, migongo imenyooka kama meza. "Umefanya kazi kubwa leo, Mkurugenzi!"

Binti mmoja tu, kando ya mashine ya fotokopi, alisahau kuinama. Alikuwa amesimama na koti mkononi, akimtazama Mkurugenzi, kisha skrini, kisha Mkurugenzi.