Mtu wa Bati Kapuni

"Iliungua," Kasmiri alimwambia mgeni, uso wake wa msiba kabisa. Moto hauna wa kuuhoji.

Mgeni alikuwa ameisaka miaka tisa filamu moja bubu ya kutisha, ya mtu wa bati aliyeshuka kutoka mwezini akala watu. Duniani ilibaki nakala moja tu, ile ambayo padre mmoja alimwachia Kasmiri, aliyekuwa mpishi wake, aitunze.

Hapo mke wa Kasmiri akaingia, akatua kapu la sato miguuni pa mgeni. Kapu jeusi, la kung'aa, limesukwa kwa utepe wenye vitundu pembeni.

Mgeni akaliinua kwenye mwanga wa mlango. Maji ya samaki yakamchirizika mpaka viwikoni. Katika utepe mmoja, kijitu cha bati kilikuwa kimeachama.

"Mzee, si umesema iliungua?"

Mkewe akacheka. "Mwaka ule wa shida hata kamba hazikuwepo, na huyu alikuwaga anailalia tu. Nikasuka."

"Yote imo humu, mama?"

"Itaenea wapi, baba? Nyingine niligawia wenzangu wa jumuiya."

Kasmiri akatazama nje. Mnada wa Kiriba ulikuwa umevunjika, na akina mama walikuwa wanapandisha njia, kila mmoja na kapu jeusi kichwani.